Maji ya moto ya bure: siku saba na kamera ya joto, Morogoro hadi Mufindi

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Dar es Salaam hadi Morogoro

Askari wa stesheni alifungua begi langu, akakuta kamera ya joto, akaishika kwa vidole viwili kama aliyeokota mjusi. "Dada, hii bunduki?" Nikaiwasha nikamwelekezea usoni. Pua ikatokea ya bluu, mashavu ya njano, kwapa jekundu kabisa. Akawaita wenzake wawili nao wajione. Nusura treni ituache.

Mwenzangu alikuwa ameshakaa dirishani. Ni fundi umeme, mimi mkaguzi wa nishati, tumezunguka naye viwandani miaka sita sasa, na begi lake lina vitu viwili tu asivyomwazima mtu: mita ya kubana nyaya na chupa ya plastiki yenye maji ya sabuni. Hiyo chupa, anasema, imewaokolea wenye viwanda hela nyingi kuliko vyeti vyangu vyote. Sijawahi kumbishia.

Tumeitwa na viwanda viwili, kimoja hapa Morogoro na kingine cha chai Mufindi. Vyote vina swali moja: umeme na kuni vinaishia wapi? Majina yao nayaweka kando. Nilichokiona ndani ya geti ni chao, na mimi bado napenda kuitwa tena.

Nauli ya SGR, reli mpya, ni shilingi 13,000 daraja la kawaida, na kabla ya saa mbili kwisha tulikuwa Morogoro. Tangu Juni ndiyo inabeba abiria na mimi hii ni safari yangu ya pili. Bado najikuta nasubiri foleni ya Chalinze ambayo haiji.

Kiwanda cha leo kinatengeneza vifungashio vya plastiki. Bwana mkubwa alitupokea vizuri, chai na sambusa, kisha akatandika mezani karatasi ya muuza sola: paneli paa zima. Alitaka niseme ndiyo. Nikamwomba kwanza ankara za TANESCO za miezi 12 na ruhusa ya kukaa karakana saa ya chakula.

Saa saba mchana kengele ikalia, wafanyakazi wakaenda kula, mashine zote zikazimwa. Kikabaki kitu kimoja kinanguruma: kompresa ya kilowati 55, mashine inayoshindilia hewa ya kuendeshea mashine nyingine. Hakuna anayetumia hewa, lakini kompresa inafanya kazi. Mwenzangu alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na saa mkononi. Ikibeba mzigo, anahesabu. Ikipumzika, anahesabu. Sekunde 24 inasukuma, 36 inapumzika, tena 24, tena 36. Ina maana asilimia 40 ya uwezo wa ile kompresa inakwenda kulisha matundu.

Na matundu unayasikia. Karakana ikinyamaza, kila pembe inafanya *ssss*. Tukapita na ile chupa, tunapaka viungo vya mipira, valvu, bomba za kupulizia vumbi, na mapovu yanachomoza kama mapovu ya mtoto anayekunywa soda. Tulihesabu 31. Kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye mpira uliofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fundi wa zamu alisema uko hivyo tangu kabla hajaajiriwa.

Tundu la milimita tatu, hewa ikiwa na shinikizo la bari saba, hupitisha kama lita kumi kwa sekunde. Kuizalisha hewa hiyo hula kilowati tatu na nusu hivi. Kompresa haizimwi mwaka mzima, kwa hiyo ni uniti 30,000 na ushee; kwa bei ya T3, ya wateja wakubwa wa umeme, shilingi 157 kwa uniti, ni milioni 4.8. Tundu moja. Nilipomwonyesha bwana mkubwa hesabu hiyo, aliichukua ile karatasi ya sola taratibu, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni. Hakuitupa, na ni sawa. Sola itakuja wakati wake.

Jumanne, 13 Agosti. Morogoro hadi Mkamba

Asubuhi kabla ya zamu tulisimama na vijana watatu wa karakana, tepu nyeupe ya mabomba, vibanio na mipira mipya ya dukani. Matundu 19 yalizibwa kabla ya saa nne. Saa ya mwenzangu ikasema: sekunde 11 inasukuma, 49 inapumzika. Kutoka asilimia 40 hadi 18, na hakuna aliyesaini mkopo.

Kijana mmoja, yule aliyekuwa akishika taa, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini kompresa imewekwa bari nane na nusu wakati mashine zimeandikwa sita na nusu. Nikamuuliza yeye anadhani kwa nini. Akasema mashine ya mwisho kule ukutani ilikuwa inalalamika haipati hewa, wakapandisha. Ikalalamika tena, wakapandisha tena. Yaani matundu yalipunguza hewa, shinikizo likapandishwa, na shinikizo likipanda matundu yanavujisha zaidi. Kila bari moja unayoishusha huokoa umeme wa kompresa kama asilimia saba. Nikamwambia ashushe nusu bari kila wiki huku akiisikiliza ile mashine ya ukutani, na aandike. Hakuwahi kuulizwa, ndiyo maana alinong'ona.

Tulipanda gari la kukodi baada ya chakula. Barabara inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 za matuta na vibao vya faini. Dereva wetu ana orodha kichwani ya bei ya kila mnyama ukimgonga, na alitusomea yote kuanzia nyani mpaka tembo. Twiga wanne, pundamilia wengi, tembo hakuna. Mikumi mjini tukakata kushoto, njia ya Kidatu na Ifakara, na harufu ikabadilika: sukari inayoungua kidogo, tope na moshi.

Tumelala Mkamba.

Jumatano, 14 Agosti. Bonde la Kilombero

Hatuna kazi hapa. Nimeomba siku moja kwa sababu huu ni msimu wa kusaga na mimi napenda kuangalia matrela ya miwa yakiingia, nikijua kwamba shehena ile inakuja na kuni zake.

Ukisaga tani 100 za miwa unapata sukari kama tani 10, na makapi, ambayo viwandani wanaita bagasi, kama tani 30, nusu yake maji. Bagasi inachomwa kwenye boila, mtambo wa kuchemshia maji, mvuke unazungusha tabo, gurudumu la kuzalisha umeme, kisha mvuke uleule uliochoka unakwenda kuchemsha juisi. Joto moja, kazi mbili. Kiwanda cha sukari hakina haja ya makaa wala mafuta mazito, na kikijengwa vizuri kinabakiza umeme wa kuuza.

Lakini hapa kuna jambo lililonisumbua tangu chuoni. Viwanda vya zamani vya sukari, duniani kote, vilichorwa makusudi vichome bagasi vibaya. Rundo la bagasi lilikuwa kero: linachukua nafasi, linashika moto lenyewe, hakuna anayelinunua. Kwa hiyo boila za shinikizo dogo, bari 20 hivi, zilikuwa jibu zuri, zinakula sana na zinatoa kidogo. Mambo yaligeuka pale gridi ilipokubali kununua umeme. Mauritius walikwenda mpaka boila za bari 82, na bagasi ileile iliyokuwa taka ikaanza kuwasha taa za kisiwa. Miwa haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna anayelipa.

Mchana tulipanda mpaka panapoonekana bwawa la Kidatu. Mtambo wake, megawati 204, umekuwa ukifanya kazi tangu 1975, na maji yake ni ya Ruaha Mkuu, yanayolimbikizwa kwanza Mtera. Mwenzangu alianza kazi wakati wa mgao wa 2006, mabwawa haya yalipokauka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujaza dizeli kwenye jenereta la kiwanda cha nguo, usiku kucha, kwa mapipa. Mwaka 2011 ikawa vilevile. Ndiyo maana akisikia mtu anasema umeme wetu ni wa maji hivyo hauna moshi, anacheka peke yake. Sasa lipo bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235, wa kwanza umewashwa Februari mwaka huu. Tuone mwaka wa ukame utakuwaje. Jenereta la dizeli bado lipo nyuma ya kila kiwanda ninachoingia, na vumbi lake si zito sana.

Samaki wa mto, ugali, pilipili ya kukaanga. Mbu wengi.

Alhamisi, 15 Agosti. Mkamba hadi Mafinga

Siku ya barabara. Mibuyu, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimepangwa kwenye neti nyekundu, kisha Kitonga. Tulipanda nyuma ya lori la simenti kwa mwendo wa bibi mwenye mzigo, nikapata nafasi ya kumweleza dereva kwa nini simenti ni ngumu kuliko kazi zote. Chokaa ghafi ikichomwa, kila kilo 100 inatoa kilo 44 za hewa ya kaboni kutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata ungeichoma kwa jua. Kuziba matundu hakukusaidii hapo. Dawa ni kupunguza klinka, yaani chokaa hiyo iliyokwisha kuchomwa, ndani ya mfuko, kama Mbeya wanavyochanganya majivu ya volkano. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo hili lori linatoa moshi mbele na mgongoni pia." Nimeiandika ili niitumie mahali.

Ilula nyanya, Iringa chai ya tangawizi, Mafinga baridi. Nimevaa soksi mbili.

Ijumaa, 16 Agosti. Mufindi

Tuliingia kiwandani saa moja asubuhi, ukungu mzito, hata chimni haionekani juu. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa kiwanda. Ulikuwa mtaro unaofuka mvuke kando ya uzio. Mlinzi anaosha uso. Akina mama wawili wanafua ovaroli, mikono imewaiva, wanacheka. Kijana ameweka kidumu cha lita 20 chini ya bomba lililotokeza ukutani, anasubiri kijae.

"Kamwene," nikasalimia. "Kamwene! Karibu, maji ya moto haya, nawa," akasema mmoja wao. "Hapa ni bure."

Niliingiza kipimajoto. Nyuzi 83.

Kwa wasioijua chai: majani mabichi hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke mpaka yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Kilo moja ya chai kavu imetoka kwenye majani mabichi kilo nne na nusu hivi. Kilichobaki ni maji yaliyotolewa kwa joto. Zaidi ya robo tatu ya nishati yote ya kiwanda cha chai ni joto, na joto hilo ni kuni. Umeme, ambao mabosi huusemea sana kwa sababu una ankara, ni mdogo wake.

Mvuke ukishapita kwenye radieta za kikaushio hupoa na kugeuka maji. Maji hayo ni safi, yamekwishatibiwa, na ni ya moto. Hutakiwa yarudi boila. Hapa yalikuwa yakienda mtaroni.

Msimamizi wa boila ni mzee wa miaka 27 kazini. Nilimwamkia, akaitika "marahaba mwanangu", akanifutia kiti kwa kitambaa. Nikamuuliza habari ya yale maji. "Pampu ya kurudisha ilikufa," akasema. "Mwaka wa tatu sasa. Niliandika." Aliandika wapi? Kwenye daftari la zamu, ndiyo. Alipoandika mara nne na hakuna aliyekuja, akaacha daftari akahamia ukutani.

Nyuma ya mlango wa chumba cha boila, mahali ambapo mgeni hafiki, kuna ukuta mweusi wa masizi umejaa mistari ya chaki. Minne na mmoja wa kukata, minne na mmoja wa kukata. Kila mstari ni toroli moja ya kuni. Kila safu ni siku. Amekuwa akihesabu toroli kwa miaka, anafuta safu za zamani na kubakiza wastani wa mwezi pembeni kwa tarakimu kubwa. Ofisini wana risiti za mita za ujazo zilizoingia getini. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya kuni zilizoingia motoni. Alikuwa nayo yeye peke yake.

"Pampu ikiwa nzima, kiangazi, nilikuwa nasukuma 45 kwa siku," akasema akigusa ukuta. "Ilipokufa, majani yaleyale, 50."

Nikatoa kikokotoo. Maji ya kijito hapa asubuhi ni nyuzi 14. Daftari la zamani lilionyesha tangi la boila likiwa nyuzi 70 enzi za pampu. Tofauti 56. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila nyuzi sita unazoyapasha maji kabla ya kuingia boila, unaokoa asilimia moja ya kuni. Kwa hiyo tisa na kitu. Chaki ya mzee, toroli tano kati ya 50, inasema 10. Nimewahi kulipwa kwa ripoti ambazo hazikukaribia ukweli kiasi hicho.

Mchana tulipita na kamera. Mabomba ya mvuke wa bari kumi yana nyuzi 184, na kila palipokuwa na ukarabati sufi ya kuzuia joto ilitolewa haikurudishwa. Kwenye skrini sehemu hizo ziling'aa nyeupe kama kaa la moto. Kila mita ya bomba tupu la inchi nne ni kama jiko la umeme la sahani moja lililoachwa linawaka hewani. Tulipima mita 23, na valvu saba zisizo na koti. Wafanyakazi wanaanikia soksi juu yake. Kusema kweli, kwa baridi hii na mimi nilisogea.

Jioni nikamweleza meneja: pampu, tangi, mita 60 za bomba la kurudishia maji. Akauliza bei, akauliza itarudi lini, tukahesabu, akakubali bila kuvutana. Mgogoro ulitoka kwa mzee. Alikuwa amesimama mlangoni kofia mkononi. "Mama injinia, sawa. Ila wale akina mama pale nje?"

Sikuwa nimewafikiria hata kidogo. Asubuhi nilinawa maji yao, na mchana nimeandika namna ya kuyachukua.

Jumamosi, 17 Agosti. Mufindi

Nililala na hilo swali, nikaamka na hesabu. Lita 300 za maji ya nyuzi 74 kwa siku zinatosha bafu la wafanyakazi na ndoo za kufulia. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 14, kwa boila kama hii, ni kama kilo 13 za kuni. Kiwanda kinachoma tani nane kwa siku. Nimeiweka kwenye mchoro: tangi dogo, bomba moja, koki mbili, nje ya uzio palepale walipozoea. Meneja alicheka kidogo lakini hakulifuta.

Leo ilikuwa zamu ya moto wenyewe. Tulitoboa tundu dogo kwenye chimni, tukaingiza kipima moshi. Moshi nyuzi 260, oksijeni asilimia 14. Namba ya pili ndiyo mbaya. Ina maana hewa inayopita tanurini ni mara tatu ya ile inayohitajika. Kuni zinaungua ili kupasha moto ukungu wa Mufindi na kuurusha juu. Sababu niliiona bila kipimo: mlango wa tanuri haufungwi. Kuni ni mbichi, moto unafifia, geji ya mvuke inashuka, kijana anafungua mlango na kutupa magogo, geji inapanda, baada ya dakika kumi inashuka tena. Mlango ukiwa wazi baridi inaingia, moto unafifia zaidi.

Tulipasua gogo, tukachoma mita ya unyevu katikati: asilimia 45. Mikaratusi iliyokatwa wiki tatu zilizopita.

Hapa wakaguzi wengi hudanganya, wengine bila kujua. Utasikia kwamba kilo ya kuni yenye unyevu wa 45 ina megajuli 9 na nukta tatu, ikikaushwa hadi 25 inakuwa na 13 na nukta sita, basi umeokoa theluthi. Hapana. Gogo likikauka linapungua uzito. Kilo zimekuwa chache. Ukihesabu gogo kwa gogo, unachookoa ni joto la kuchemsha yale maji tu, kama asilimia saba. Asilimia saba si haba, lakini si theluthi. Faida kubwa ya kuni kavu inatoka kwingine. Moto unatulia, mlango unafungwa, hewa inapunguzwa, moshi unapoa. Ukimpa kijana kuni kavu ukaacha afungue mlango kama zamani, umepoteza hela ya banda la kukaushia kuni.

Nilimweleza mzee hivyo hivyo. Akasema magogo ya kiangazi anayajua kwa sauti: yakigongana yanalia kama kengele, ya masika yanalia kama ugali. Safu za chaki zilisema vilevile: Februari toroli 58, majani yakiwa sawa. Mvua zikianza Novemba au Desemba kila kilichokaushwa nje kinalowa upya. Anahitaji paa.

Kwenye ghorofa ya kunyaushia hatukukaa sana. Feni zote zinazunguka kasi moja usiku na mchana, majani yawe yamelowa au yamekauka. Feni ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, umeme wake unashuka hadi karibu nusu. Hilo ni umbile la feni, halina ubishi. Wafungiwe vifaa vya kurekebisha kasi, waanze na vitanda vinne vya kunyaushia majani. Mwenzangu aliandika ukurasa mzima, mimi naishia hapo.

Kikao cha mwisho saa kumi. Meneja alikuwa na swali moja ambalo kumbe ndilo lililotuleta: mnunuzi wa Ulaya anataka namba ya kaboni. Alikuwa amesikia habari za ushuru wa kaboni wa mpakani wa Umoja wa Ulaya akaogopa. Nikamtuliza, ule ulioanza kwa majaribio Oktoba 2023 unagusa simenti, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Chai haimo. Lakini mnunuzi anaweza kuuliza anachotaka. Na jibu lenyewe lina kichekesho: kuni za shamba linalopandwa upya, kwenye vitabu vya hesabu za kaboni, huandikwa kando, karibu sifuri. Kwa hiyo ile pampu, ambayo ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya wiki hii, haitaonekana sana kwenye namba ya mnunuzi. Kitakachoonekana ni feni, dizeli ya jenereta na malori ya kuni.

"Basi pampu ya nini?" akauliza.

Nikamwonyesha dirishani. Mlima wa pili, upande wa mikaratusi, umekatwa mpaka juu, na lori la kuni siku hizi linakwenda kilomita 40 wakati zamani lilikwenda 12. Hizo kilomita alinipa yeye mwenyewe asubuhi. Hakujibu, akaandika.

Jumapili, 18 Agosti. Makambako

Mwenzangu amerudi Dar na basi la alfajiri. Mimi nimeshuka hadi Makambako kumwona shangazi, nimekaa kwenye mgahawa mbele ya reli ya TAZARA nasubiri binamu. Nilitamani kufika Njombe nione kiwanda cha miwati, ambako tangu miaka ya 1990 wanazalisha umeme kwa mabaki ya miti na maganda yaliyokwisha kukamuliwa, lakini muda hakuna.

Saa nane simu ikaita. Namba ngeni, sauti ya boila nyuma yake.

"Mama injinia, shikamoo."

"Mzee, usiniamkie bwana! Shikamoo."

"Marahaba. Nauliza, banda la kuni za miezi mitatu, Januari mpaka Machi, mabati mangapi?"

Nikageuza risiti ya chai. Tani nane kwa siku, siku 90, tani 720. Mita ya ujazo ya kuni zilizopangwa ina kama nusu tani, hivyo mita 1,440. Zikipangwa kimo cha mita mbili na nusu zinakaa kwenye mita za mraba 576. Bati la mita tatu likishapandiana linafunika mbili na kidogo. Weka na mwinamo.

"Kama 300, mzee."

Kimya. Nikasikia toroli likipita, magogo yakigongana.

"Hela ya 300 hawatoi mwaka huu," akasema. "Ila nyuma ya stoo kuna ya ghala la zamani lililobomolewa. Nimetoka ibadani nikapita kuyahesabu. 84, yenye matobo nimeyaacha."

84 yanafunika kuni za siku 25. Nikamwambia.

"Siku 25," akarudia, nikajua anatafuta chaki. "Basi hizo ni za Februari."